Mfolozi, mto uliotenganishwa na ziwa lake

Ziwa St Lucia, huko KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, lina ukubwa wa kilomita za mraba 350 hivi, lakini sehemu nyingi maji yake humfika mtu mzima kiunoni tu. (Usijaribu kupima: mamba ni wengi.)

Maji yenye kina kifupi namna hiyo hunyonywa upesi na jua. Ukame ukizidi, chumvi inayobaki yaweza kupita mara tatu ile ya bahari. Linaloliokoa ziwa ni maji matamu ya mito, na mkubwa kuliko yote ni Mfolozi, ambao zamani ulitumia mlango mmoja na ziwa kuingia baharini. Mawimbi yalipouziba mlango huo kwa mchanga, maji ya mto, kwa kukosa pa kutokea, yaligeuka na kuingia ziwani.

Mfolozi pia hubeba tope. Mafunjo ya bondeni yalikuwa yakilichuja, hadi yalipofyekwa na mifereji kuchimbwa ili ipandwe miwa. Watu wakahofu ziwa litafukiwa, na mwaka 1952 mto ukachimbiwa mlango wake, kusini kidogo. Hofu ile ilikuwa na msingi. Ila kwa kuzuia tope, walizuia na maji.

Mwaka 2002 mvua zilikuwa haba na mlango wa ziwa ukaziba. Kufikia 2006 sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa tope lililokauka na kupasuka. Machi 2007 mawimbi ya kimbunga Gamede yalilibomoa tuta la mchanga, bahari ikaingia. Baada ya miezi michache mlango ukaziba tena na chumvi ikabaki ndani. Kamba wachanga, ambao huzaliwa baharini na kuja kukulia ziwani, wakakosa njia.

Hata hivyo ufuo wa mashariki haukufa. Pale, maji ya mvua yaliyohifadhiwa ndani ya matuta ya mchanga huchuruzika polepole hadi ukingoni, na katika utepe huo mwembamba viumbe wa maji matamu walijibanza miaka yote ya ukame.

Tangu 2012 mto umeanza kurudishwa ziwani, na baadaye mitambo ikaondoa udongo uliorundikwa kati yao. Wakulima wa miwa wanalalamika: mlango ukiziba, maji hurudi nyuma na kufunika mashamba. Mashamba yenyewe yako palepale yalipokuwa mafunjo.