Buti la mlima "halijavaliwa" si lazima liwe zima

Kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, sifa inayouza buti haraka ni moja: "Hili halijavaliwa kabisa, kaka." Wapagazi wengi wa Kilimanjaro nao huamini kwamba buti lililokaa tu ndilo lenye maisha marefu.

Kwa buti nyingi za mlima, si kweli. Tabaka laini kati ya soli ya chini na ngozi ya juu mara nyingi ni poliurethani. Plastiki hii hunyonya unyevu wa hewani, na maji hayo huikata minyororo ya molekuli zake taratibu, hata buti likiwa ndani ya boksi. Joto huharakisha. Nje linang'aa, ndani limeshakuwa kama andazi la juzi. Ukifika njia ya Machame, soli inabanduka nzima. Kulivaa mara kwa mara kwa kweli husaidia, maana kila hatua hukamua unyevu. Huko Ulaya, viatu vigumu vya ski (mchezo wa kuteleza kwenye theluji) vilivyokaa stoo miaka mingi hupasuka vivyo hivyo.

Kabla ya kulipa, tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, mara nyingi nyuma ya ulimi, kisha bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba. Likiwa na nyufa au likitoa unga, liache, hata kwa bei ya bure. Fundi anaweza kubadilisha soli nzima, lakini gundi pekee haisaidii: inashika kitu kinachomeguka.