Umegonga gari la kukodi? Bili ya gereji isome mstari kwa mstari

Kazi yangu ni kutathmini hasara za magari hapa Dar es Salaam. Kazi nyingi huletwa na kampuni za bima, lakini kila Desemba, watu wakianza kupanda Moshi na Arusha kwa magari ya kukodi, napokea picha za aina nyingine: profoma ya gereji (makadirio ya gharama), jumla yake imezungushiwa duara kwa peni, na chini yake swali, "Kaka, hii ni haki kweli?"

Mara nyingi sehemu ni haki na sehemu si yako. Aliyekodi gari akaliharibu alipe, hilo silipingi. Sheria inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu makini anavyotunza ya kwake. Ila anachodaiwa ni hasara aliyoisababisha yeye. Hadaiwi kumfufulia mwenzake gari lililokuwa linachoka tangu kabla hajalishika. Na profoma ni madai tu, mpaka mwenye gari aonyeshe kila mstari umetokana na nini.

Kabla hujagusa bei, uliza habari za bima. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa kuhakiki stika za bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, uone kampuni iliyokata bima, tarehe zake na aina yake. Ninachokutana nacho sana ni gari lenye namba za njano, yaani za gari binafsi, lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, huku mwenyewe analikodisha kila wikiendi. Likipata ajali, kampuni ya bima inasoma sharti la matumizi, inakataa kulipa, na mzigo wote unashushwa kwako. Kama mkataba uliosaini ulisema gari lina bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lenyewe, usikubali haraka. Ulichokubali kubeba ni eksesi, kile kipande cha kwanza cha hasara ambacho bima hailipi. Kinachozidi hapo kimekosa mlipaji kwa sababu mwenye gari hakusema ukweli alipokata bima, na hilo ni lake. Mambo yanageuka kama uliendesha umelewa, huna leseni, au ulimpa usukani mtu ambaye hayumo kwenye mkataba. Hapo bima imekataa kwa sababu yako.

Na kama bima imeshalipa? Mwenye gari hawezi kulipwa hasara ile ile mara mbili. Kampuni ya bima yenyewe inaweza kukufuata ikisimama mahali pake, lakini mwenye gari hana cha kukudai kwenye matengenezo zaidi ya eksesi. Muulize kwa maandishi kama amefungua madai, namba yake ni ipi, na bima imejibu nini. WhatsApp inatosha, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo. Aliyekugonga akiwa ndiye mwenye kosa, ripoti ya trafiki ipelekwe kwenye bima yake yeye.

Tuje kwenye gari lenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Dada mmoja aliniletea bili ya Toyota IST aliyoikodi kwenda Bagamoyo. Kwenye foleni aligonga bajaji kwa nyuma, kwa pembe ya kushoto ya gari. Bili ilikuwa na bampa la mbele, taa ya kushoto, fenda ya kulia, rejeta, na rangi ya mbele yote. Nikaenda gereji gari likiwa bado halijafunguliwa.

Fenda ya kulia ilikuwa na ufa kweli. Lakini kwenye ukingo wa tairi rangi ilikuwa imevimba, na nilipoigusa kwa ukucha ikabanduka, chini yake kutu ya kahawia. Natembea na sumaku ndogo mfukoni. Mlangoni ilinasa vizuri, kwenye fenda ikateleza na kudondoka, kwa sababu kulikuwa na puti nene, ule ujiujiu wa kusawazishia mabonde, kati yake na bati. Fenda ile ilikuwa imeshanyooshwa na kupigwa puti zamani. Bati halioti kutu namna ile chini ya puti kwa siku mbili.

Rejeta nayo ilikuwa inavuja, fundi hakusema uongo. Ila kwenye magari haya kondensa ya AC imekaa mbele ya rejeta, na kishindo cha kutoka mbele kinaanza na kondensa kabla ya kuifikia rejeta. Kondensa ilikuwa nzima, mapezi yake yamenyooka. Mahali palipovuja, kwenye kiungo cha plastiki cha juu, palikuwa na ukoko mkavu wa kulanti, maji ya kupoza injini, uliojijenga kwa muda mrefu. Rejeta ile ilikufa kwa uzee. Fenda na rejeta zikatoka kwenye bili, na rangi ikabaki ya bampa peke yake. Mwenye gari alinuna, lakini picha alikuwa anaziona.

Kwa hiyo ukipata ajali, piga picha nyingi kabla gari halijaondolewa: za karibu, za mbali, na za upande ambao haukuguswa. Trafiki akija, hakikisha gari linakaguliwa na fomu ya ukaguzi inaandika kilichoharibika. Kitu ambacho hakimo kwenye fomu wala kwenye picha kina kazi kubwa ya kujieleza kikitokea kwenye profoma wiki mbili baadaye. Vipo vinavyojificha ndani, kama mabano ya bampa, lakini hivyo huonekana gari likifunguliwa, nawe una haki ya kuwepo likifunguliwa, au kumtuma mtathmini. Dai vipuri vya zamani vibaki. Taa iliyovunjika ikishatupwa, hutajua kama ilibadilishwa au iling'arishwa tu.

Bei ina kasoro yake. IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ukivunja taa iliyochakaa ya gari hilo, umevunja taa ya umri huo, hukuvunja taa mpya. Tuseme taa mpya dukani ni shilingi 400,000, na ya mtumba kutoka Japani, yenye hali kama ile iliyokuwepo, ni 150,000. Mwenye gari akitaka mpya ni ruhusa yake, ila tofauti alipe yeye, kwani gari lake limepanda thamani. Tembea Kariakoo na Gerezani, pata bei za maduka mawili au matatu kwa maandishi, ziambatanishe. Isipokuwa vitu vya usalama: mkanda, eabegi, breki. Hapo sishauri mtumba, na hoja hii usiitumie.

Mstari wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, watu huupita bila kuuangalia. Gereji isiyosajiliwa VAT haina ruhusa ya kuitoza. Na kampuni ya kukodisha magari iliyosajiliwa kwa kawaida inaruhusiwa kujirudishia VAT ya matengenezo ya magari hayo, hivyo asilimia 18 ile si hasara kwake. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kazi iliyofanyika, usiishie kwenye profoma.

Halafu kuna gari kulala. Mwenye gari anazidisha bei ya siku kwa siku zote ambazo gari lilikuwa gereji, na wakati mwingine jumla hiyo inapita ya matengenezo yenyewe. Uliza kazi ilihitaji siku ngapi. Bampa, taa na rangi havihitaji mwezi, na kama gari lilikaa likisubiri mwenyewe apate hela ya vipuri, siku hizo si zako. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinataka njia zilizokuwepo za kupunguza hasara zizingatiwe. Kama siku zile magari yake mengine yalikuwa yameegeshwa bila mteja, hakupoteza biashara, na ile bei kamili ya siku haimstahili. Hata mkataba ukiwa umeandika faini ya kiasi fulani, kifungu cha 74 kinampa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Faini yote haiji yenyewe kwa kuwa imeandikwa.

Wapo wanaotishia kukuweka ndani mpaka ulipe. Uendeshaji wa hovyo ni kosa la jinai, na polisi watalishughulikia kivyake. Mabishano juu ya bei ya bampa ni madai, mahali pake ni mahakamani. Msuluhishi wa migogoro ya bima anasaidia ukiwa na ugomvi na kampuni ya bima. Ugomvi wako na mwenye gari haumhusu.

Nyingi ya kesi hizi huisha mezani. Andika barua fupi: mistari unayoikubali na kiasi chake, unayoipinga na sababu yake, picha zikiwa nyuma. Kile unachokikubali kilipe mapema, kwa namba ya kampuni, siyo ya dereva wao. Mkielewana, karatasi ya makubaliano itaje tarehe ya ajali, namba ya gari, jumla iliyolipwa, na kwamba hakuna dai jingine litakalotokana na ajali hiyo. Usisaini kabla amana uliyoweka ulipokodi haijakatwa kwenye jumla au kurudishwa. Kama walishikilia kitambulisho cha NIDA au pasipoti, ikabidhiwe hapo hapo mezani.