Mtoto wa Swala Kando ya Barabara: Yatima, au Kafichwa na Mama Yake?

Barabara kuu ya Morogoro–Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa Mikumi kwa takriban kilomita 50, na malori na mabasi hupita humo usiku na mchana. Wanyama hugongwa, na mara nyingine mtoto hubaki. Msafiri mwenye huruma humfunga kwenye kanga, akamnywesha maziwa ya ng'ombe, akaondoka naye. Mtoto akifa siku mbili baadaye watu husema ni majonzi ya mama yake. Mara nyingi ni kukimbizwa, kushikwashikwa na yale maziwa.

Kabla ya yote, hakikisha ni yatima kweli. Swala pala, digidigi, pongo na kuro huwaficha watoto wao majanini siku za mwanzo. Mama huenda malishoni mbali, akarudi mara chache tu kunyonyesha, na humlamba mtoto hadi kumaliza mkojo na kinyesi ili chui au fisi asinuse kitu. Mtoto naye amezaliwa akijua kazi yake, yaani kulala tuli masikio yakiwa yamelazwa, hata ukimsogelea hatua mbili. Utulivu huo si ugonjwa. Ukisimama hapo kumpiga picha, ndiyo unamzuia mama kurudi. Ondoka. Kama umeshambeba kwa kutojua, mrudishe palepale siku hiyohiyo. Hadithi kwamba mama humkataa kwa harufu ya mtu imetiwa chumvi mno.

Yatima hujulikana kwa mengine: mzoga wa mama uko karibu na chuchu zimejaa maziwa, au mtoto anazunguka akilia, macho yamedidimia, nzi wamemjaa, ngozi ya shingo ukiivuta hairudi haraka. Nyumbu ana tabia yake. Ndama wake hafichwi. Husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kumfuata mama. Akipotezana naye hufuata chochote kinachotembea, hata gari. Ukimwona nyuma yako kwenye nyanda za Ndutu, kusini mwa Serengeti, kati ya Januari na Machi, usimwite wala usimpakie. Punguza mwendo, zima injini, kundi likiwa karibu mwache alione.

Ndani ya hifadhi usishuke garini; toa taarifa langoni. Nje ya hifadhi, egesha nje kabisa ya lami, washa hazadi, weka pembetatu mbele na nyuma, na utazame vichaka kwanza, kwa sababu mzoga huita fisi na simba. Mama aliyelala huenda kazimia tu, na pembe au kwato zake zinaweza kukuumiza vibaya. Mzoga uliovimba usio na jeraha, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, usiuguse kabisa. Hiyo inaweza kuwa kimeta, si ajali.

Afisa wanyamapori akikuelekeza kumshika mtoto, fanya haraka na kimya. Usimkimbize. Swala aliyefukuzwa au aliyefungwa kamba kwa hofu kubwa, misuli yake huanza kuharibika, asidi hujaa mwilini, mkojo hugeuka rangi ya kahawia iliyokolea, figo zinashindwa. Anaweza kuonekana mzima jioni na kufa kesho yake au siku kadhaa baadaye, na hapo tiba ni ndogo sana. Ndiyo maana wataalamu husisitiza giza na ukimya: funika macho kwa kitambaa chepesi bila kuziba pua, kunja miguu chini ya tumbo, mweke kwenye boksi lenye matundu na taulo chini ili asiteleze. Redio izimwe, watoto wasimpapase. Mlaze akiegemea kifua chake, kamwe si chali.

Ingiza kidole mdomoni mwake. Ukikuta kuna baridi, hawezi kumeng'enya chochote, basi mpashe joto kwanza kwa chupa ya lita 1 ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, pembeni mwake, si chini yake. Mchana wa jua kali tatizo huwa kinyume: gari lililofungwa vioo humuua kwa joto.

Maziwa usimpe. Ya swala yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe, na sukari yake ni pungufu, kwa hiyo ya dukani humletea kuhara. Kwa tembo ni kazi kubwa zaidi. Daphne Sheldrick, mlezi wa tembo yatima nchini Kenya, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi uliowafaa ndama wachanga. Tena mnyama dhaifu akinyweshwa kichwa kikiwa juu, kimiminika huingia mapafuni. Daktari wa mifugo akiruhusu kwa simu, ORS inatosha: pakiti moja kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vuguvugu, mililita 5 kwa 5 kwa sirinji isiyo na sindano, pembeni mwa mdomo.

Mtoto wa nyani au ngedere aliyemng'ang'ania mama aliyekufa usimbandue kwa nguvu. Kundi lake linatazama. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali kuhusu kichaa cha mbwa. Kakakuona aliyejikunja tufe huenda amemkumbatia mtoto ndani, basi usimfungue, na usiite umati kuja kutabiriwa mvua.

Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali, na hata nyama ya aliyegongwa ni nyara za serikali. Huruma si kibali. Pongo dume aliyelelewa jikoni akikua humwona mwenye nyumba kuwa dume mwenzake, na pembe zake si za mchezo. Piga simu TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) ukiwa hifadhini, TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au afisa wanyamapori wa wilaya ukiwa nje, au KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) ukiwa Kenya. Taja namba ya nguzo ya kilomita, upande wa barabara, saa uliyomwona, na kama mama amekufa au katoroka.