Kupokea kilimo hifadhi maana yake nini

Kila msimu nakutana na taarifa ya aina ileile: wakulima wa kijiji fulani "wamepokea" kilimo hifadhi. Ukiuliza wamekipokeaje, unaambiwa walihudhuria semina.

Kilimo hifadhi chenyewe ni kulima bila kupindua udongo wote, kuuacha umefunikwa na mabua au mimea, na kubadilisha mazao. Basi. Kinachonikera ni hilo neno kupokea.

Barua unaipokea kwa mkono, kazi imekwisha. Lakini mtoto akimwona bibi anarudi sokoni na kikapu kichwani, humkimbilia akampokea mzigo. Hapo kupokea ni kubeba: uzito umehama, na safari inaendelea. Kinyume chake ni kutwishwa. Kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, watu walitwishwa matuta ya ngazi kwa amri ya wakoloni. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, mpango ukavunjika. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wao wamerithishana ngoro, yaani kilimo cha mashimo na matuta, kizazi hadi kizazi. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana kama nondo za dirisha, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifukia. Shimo linakinga maji ya mteremko. Juu ya tuta wanapanda maharage, baadaye mahindi. Ni kazi nzito mno, na wanaibeba.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkulima wa Karatu, mkoani Arusha, atapokea kilimo hifadhi, pima kwanza uzito wa mzigo. Mabua anayoambiwa ayaache shambani ndiyo malisho ya ng'ombe wake kiangazi. Hata akiyaacha, mifugo ya wengine inaingia baada ya mavuno, maana ndiyo desturi. Kama shamba ni la kukodi mwaka mmoja, atautunza udongo ambao faida yake itaonekana baada ya misimu kadhaa, yeye hayupo? Tena asipotifua, magugu yanazidi, na palizi mara nyingi humwangukia mama. Ngwara, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ni habari nyingine: inafunika udongo, halafu mbegu zake zina soko hadi Kenya. Huo mzigo unabebeka.

Sisemi semina hazina maana. Aliyesaini karatasi ya mahudhurio amesikia, na kusikia ni jambo jema. Tuandike basi kwamba amesikia. Kupokea tumwachie yule ambaye msimu wa tatu, mradi umekwisha na hakuna anayemkagua, mabua yake bado yamelala shambani.