Jamani panya haumwi ADHD, tuelewane hapa

Juzi natoka Mwanjelwa na daladala ya Uyole, kuna mama ana mtoto hatulii kabisa, kila dirisha analitaka yeye, kaka mmoja nyuma akasema kwa sauti eti huyo ana ADHD (ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia, kuwa makini au kujizuia), wataalamu walishapima kwa panya, ukiona anaruka ruka ujue anayo. Mama wa watu kanyamaza tu. Iliniuma mno, maana mtoto wa dada angu ndo hali yake na tushaambiwa yote, karogwa, kadekezwa, fimbo haijamkolea.

Hamna panya anaeumwa ADHD. Mtoto anatambuliwa kwa maisha yake, dalili ziwe zimeanza kabla hajafika miaka 12, zikae miezi 6 au zaidi, zionekane nyumbani na shule pia, na zimkwamishe. Panya hana daftari wala mwalimu. Wanachofanya watafiti ni kuchukua kipande kimoja, mfano papara, wanamuweka panya kwenye boksi lenye matundu 5, taa inawaka kidogo kwenye tundu moja, akichomeka pua hapo anapewa chakula, akichomeka kabla taa haijawaka hiyo ndo papara yenyewe. Aliyesikia habari za panya wa chuo cha kilimo SUA Morogoro wanaonusa mabomu hatashangaa kwamba panya anafundishika.

Na huko kuruka ruka ndo kunapotosha zaidi. Kuna panya wanaotumika sana, walizalishwa Kyoto Japani, wakatangazwa 1963, na walizalishwa kwa ajili ya PRESHA sio ADHD, baadae ndo watu wakaona mbona hawa hawatulii. Sasa wapo watafiti wanaohoji, kwamba yule panya wa kulinganisha nao mwenyewe ni mzubaifu kupita kawaida, na ukimsimamisha mtu yeyote pembeni ya mzubaifu lazima aonekane ana kiherehere.

Wengine wanasema basi panya hawana maana kabisa, hapo nakataa. 1996 walitangazwa panya waliotolewa jeni (kipande cha urithi mwilini) ya kile kinachorudisha dopamini, kemikali ya ubongo, ndani ya seli, wakawa hawatulii, na 1999 ikaonekana dawa aina ya Ritalin, wanayopewa wenye ADHD, inawatuliza, wakati kile kirudishaji ambacho dawa inakishika hawa hawana!! Ndo wakaanza kuangalia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, swali ambalo bila hao panya lisingeulizwa hivyo.

Ila usiseme dawa ikimtuliza mtoto basi ndo ushahidi anayo. 1978 Marekani waliwapa dawa za jamii hiyo wavulana wasio na tatizo lolote na wao wakatulia. Na wala dawa hizi hazikuanzia kwa panya, daktari wa Marekani Charles Bradley alizijaribu kwa watoto akaandika 1937, panya wa ADHD wamekuja baadae sana.

Mtoto wetu alivyopelekwa, daktari alikaa na dada karibu lisaa zima anauliza tu maswali, akataka na maelezo ya mwalimu kwa maandishi, dawa ilikuwa haijatajwa bado.