Je, wajua? Kwa nini sahihi ya bosi haitoshi kwenye mkataba wa China

Mfanyabiashara wa Kariakoo anapofunga mkataba wa kontena na kiwanda cha Guangzhou, jicho lake hukimbilia sahihi. Upande wa pili wanatafuta duara jekundu, yaani muhuri wa kampuni. Wengi hulichukulia duara hilo kuwa adabu tu, sawa na kupokea kadi ya biashara kwa mikono miwili. Lakini ukiipokea kadi kwa mkono mmoja utaonekana hukufundwa, na yataishia hapo. Mkataba usio na muhuri unaweza kukuacha ukimdai mtu binafsi badala ya kampuni.

Hata hivyo, si kweli kwamba sahihi haina thamani. Kifungu cha 490 cha Sheria ya Kiraia ya China, inayotumika tangu 1 Januari 2021, kinakubali sahihi, muhuri au alama ya kidole. Suala ni sahihi ya nani. Kila kampuni ina mwakilishi wa kisheria, na jina lake limo kwenye leseni ya biashara. Akisaini huyo kwa niaba ya kampuni, kampuni imesaini. Akisaini meneja mauzo unayechati naye WeChat, siku ya ugomvi utatakiwa kuonyesha kwamba alipewa mamlaka. Muhuri hukupunguzia mzigo huo.

Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Anayeipokea hamjui mwenyekiti wala mwandiko wake, na uchaguzi ukipita mwenyekiti anaweza kuwa mwingine. Muhuri ni wa ofisi, ndiyo maana barua iliyosainiwa bila kugongwa hurudishwa dirishani. Wa kampuni ya China una kazi hiyohiyo, ila umebanwa zaidi: unaandikishwa polisi, na kuughushi ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 3.

Ajabu yake ni kwamba sauti ya kampuni nzima inaenea mfukoni. Aprili 2020, Li Guoqing, mwanzilishi mwenza wa duka la mtandaoni la Dangdang, aliingia ofisini Beijing na kuondoka na mihuri 47. Mwaka huohuo bodi ya Arm China, kampuni ya teknolojia ya chipu za kompyuta, ilipiga kura kumwondoa mkuu wake; yeye akaendelea kushikilia muhuri, na mvutano haukuisha hadi 2022. Kwa hiyo muhuri nao si neno la mwisho. Mwongozo wa Mahakama ya Juu ya China wa Novemba 2019 unawataka majaji watazame kwanza kama aliyegonga alikuwa na mamlaka.

Sasa, ugongwe upi? Muhuri mkuu ni duara lenye kipenyo kisichozidi sentimita 4.5, nyota ya ncha tano katikati, na jina kamili la kampuni kwa Kichina likizunguka. Muhuri wa mikataba nao unafaa. Wa ankara za kodi, wenye umbo la yai la milimita 40 kwa 30, usiukubali, wala ule wa idara ya fedha. Ukiona wa bluu wenye jina la Kiingereza, uliza unafunga mkataba na nani hasa: mara nyingi ni kampuni ya Hong Kong, tofauti na kiwanda ulichokitembelea. Jina linalotambulika kisheria China bara ni la Kichina. Lilinganishe, alama kwa alama, na lile la kwenye leseni na la akaunti ya benki utakayolipia, kisha tafuta namba ya kampuni yenye tarakimu na herufi 18 kwenye mfumo wa serikali wa taarifa za kampuni.

Mkataba wa kurasa nyingi una hatua moja zaidi. Kurasa husogezwa zipishane kwa milimita chache ukingoni, halafu muhuri hugongwa mara moja juu ya zote, kila ukurasa ukibeba kipande cha duara. Akibadilisha mtu ukurasa wa bei, vipande havitaungana tena. Kama kurasa ni nyingi mno, hugawanywa mafungu, na ukurasa wa mwisho wa fungu la kwanza hurudiwa kugongwa pamoja na fungu la pili.

Na ukitumiwa PDF, kuza picha. Duara lenye wekundu uleule kila mahali, lililonyooka kabisa na kufanana kila ukurasa, huenda ni picha iliyobandikwa kwa kompyuta. Muhuri halisi wa kielektroniki una cheti ndani ya faili. Usipokiona, omba nakala ya karatasi iliyogongwa kabla ya kutuma malipo ya awali.