Slaidi ya kukatia bodi: mambo ya kufanya kabla hujabonyeza kijani

Wiki iliyopita dogo mmoja, fundi kabati, kanitumia picha ya bodi ya melamini nyeupe ikiwa juu ya mashine yake, kingo zimeng'oka kama zimetafunwa na panya, chini kaandika "shikamoo kaka, hivi ninunue bledi gani?" Nikaikuza picha. Melamini sikuiangalia sana, niliangalia nyuma ya bledi, pale kinapokaa kisu cha nyuma cha kuzuia mbao isijifunge, nikakuta patupu. Nikamjibu marahaba, kisu cha nyuma kiko wapi? Akasema kaka mi nimeuliza bledi. Nikamwambia na mi nakujibu hiyo hiyo bledi.

Sasa ngoja nieleze kwa urefu maana naona wengi wanauliza swali la huyu dogo. Nimeanza kukata bodi Keko, Dar es Salaam, nikiwa kibarua wa kubeba tu, saa hizi nina karakana yangu ndogo na slaidi moja ya mtumba, yaani mashine ya kukatia bodi yenye meza inayoteleza, na kitu nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni kwamba mkato mchafu na ajali ni watoto wa mama mmoja. Bodi ikipinda kidogo tu inagusa meno ya nyuma ya bledi, siku yenye heri inakuachia alama ya kuungua au kingo zilizomeguka, siku mbaya inaruka. Ni kosa lile lile. Kwa hiyo ukiona mkato umeanza kuharibika usikimbilie dukani, mashine inakwambia kitu.

Kwa ambaye hajaikuta: slaidi ina upande wa kulia wenye meza iliyotulia na fensi ya kupasulia, ule ukingo wa kuegemeza bodi, na kushoto kwa bledi kuna meza inayoteleza kwenye reli, hiyo ndo inabeba bodi. Wazo hili ni la Mjerumani, Wilhelm Altendorf, 1906, na lilikuwa wazo rahisi tu, badala ya fundi kusukuma mbao juu ya meza, mbao ikae tuli meza ndo iende. MDF, ile bodi ya unga wa mbao uliobanwa, ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ina kilo kama 38 hadi 40, hebu fikiria unaisukuma hiyo kwa mikono karibu na meno. Ukielewa kwamba kazi ya mikono yako ni kusukuma meza, sio bodi, umeshaelewa nusu ya yote nitakayosema hapa.

Umeme kwanza. Mashine hizi nyingi zinatumia umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu, na kwenye njia tatu ukibadilishana nyaya mbili tu mota inazunguka kinyume. Ilitutokea, fundi umeme alikuja jioni kubadilisha mein swichi, asubuhi tunawasha, sauti ile ile, hakuna aliyeshtuka mpaka bodi ilipogusa bledi ikanyakuliwa kwenda mbele na moshi juu. Bahati bodi ilikuwa ndefu. Tangu siku hiyo kila umeme ukiguswa, iwe kwetu iwe kwenye nguzo, nawasha na kuzima hapo hapo bila kitu mezani, nasimama pembeni naangalia: meno ya juu lazima yaje upande wangu, yale ya mbele yashuke chini. Yakienda kinyume, zima, ita fundi, usijaribu hata kipande kimoja, maana hata nati ya bledi inaweza kujifungua yenyewe.

Halafu kuna hili la umeme kukatika, ambalo kwetu sio ajali ni ratiba. Umeme umekata, wewe umekasirika umeenda kunywa chai, dogo anapitisha mkono kufuta vumbi la bledi, umeme unarudi. Stata, ile swichi ya kuwashia mashine, ikiwa nzuri haiwaki yenyewe umeme ukirudi, inasubiri ubonyeze tena. Ipime leo: washa mashine tupu, kata mein swichi, bledi ikisimama kabisa rudisha umeme ukiwa mbali nayo. Ikiwaka yenyewe hiyo stata badilisha kabla hujakata kitu kingine chochote, sio mwisho wa mwezi.

Kufunga bledi ni kazi ya dakika tano ambayo watu wanaifanya kwa dakika moja. Mein swichi chini, na kama ina tundu la kufuli tia kufuli, ufunguo mfukoni kwako wewe mwenye mikono ndani. Futa zile sahani mbili zinazobana bledi, futa kweli kweli, hata punje ya unga wa MDF ikibaki pale bledi inayumba na huko mwisho wa meno kuyumba kunakuwa kukubwa. Nati kwenye nyingi inafunguka kwa kuzungusha kule ambako bledi inazungukia, kwa hiyo kama umening'inia kwenye spana na haiendi, huenda unazidi kuikaza. Soma pia maandishi ya kwenye bledi, pale pana namba ya mizunguko ya juu kabisa, na mashine isiizidi. Bledi ya milimita 300 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika meno yanakwenda mita 63 kwa sekunde, yaani kama kilomita 226 kwa saa, hakuna basi la mkoani linalofika huko hata dereva akiwa amechelewa.

Meno: kwa melamini natumia 96, yale ambayo moja limekatwa pembe na linalofuata liko bapa. Kwa kupasua mninga au mkongo kufuata nyuzi natumia 24. Kuna watu wana bledi moja ya 96 kwa kila kitu, sasa ile ukiipasulia mbao nene pumba hazina pa kukaa, bledi inapata moto, moshi, na wewe unaanza kusukuma kwa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu ndo siku mkono utateleza.

Sasa kisu cha nyuma. Ni kile kibati kigumu kilichopinda kufuata bledi, kinasimama nyuma yake kwenye njia ya mkato kisiruhusu mbao ijifunge. Watu wanakitoa. Wanakitoa kwa sababu kikisimama juu kuliko bledi kinazuia kuchimba mfereji, halafu hawakirudishi. Na mimi nilikitoa. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, kwa bosi mwingine kabisa, jana yake tulichimba mifereji ya migongo ya kabati, asubuhi nikapewa marine board vipande vya sentimita 30 kwa 40, nikavipitisha kwenye fensi ya kulia kwa mkono, nimesimama kwenye mstari wa bledi sawasawa. Cha nne au cha tano kikageuka kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo, kona ikagusa meno ya nyuma. Sikuona kitu. Nilisikia mlio kama bati limepigwa jiwe halafu nikawa nimekaa chini, kipande kilinipiga chini ya mbavu na kikaendelea mpaka kwenye ukuta wa bati, ile alama ilibaki pale mpaka nimeondoka. Wiki tatu nilikuwa siwezi kucheka. Na cha ajabu nikiangalia vile vipande vitatu vya kwanza vyote vilikuwa na ile mistari ya kuungua ubavuni, mashine ilishanipa taarifa mara tatu.

Kukiweka hakuna uchawi. Nafasi kati ya kisu na meno iwe milimita 3 hadi 8, ncha yake iwe chini kidogo ya jino la juu kabisa, milimita 2 hivi, na unene wake uwe kati ya unene wa mwili wa bledi na upana wa meno. Mfano bledi yangu mwili ni 2.2 meno ni 3.2, kisu changu ni 2.8. Kikiwa kinene kuliko meno mbao inakwama, kikiwa chembamba kuliko mwili hakifanyi kazi yoyote, kipo tu kama pambo.

Bledi ndogo ya mbele, ile ya milimita 120 hivi, kazi yake ni kuchana ngozi ya chini ya melamini kabla bledi kubwa haijafika. Inazunguka kinyume na bledi kubwa, inakwenda na bodi, kwa hiyo ukiipandisha sana inataka kuivuta bodi. Milimita 1.5 mpaka 2 inatosha. Upana wake uwe sawa na bledi kubwa au uzidi kwa nywele tu. Kuijua kama imekaa sawa kata kipande mpaka katikati, zima, subiri zisimame zote mbili, halafu pitisha ukucha upande wa chini wa mkato. Ukucha ukikwama kulia sogeza kulia kidogo... ni mchezo wa kujaribu, usiwe na haraka, na tumia kipande cha bodi ile ile ya oda.

Halafu mstari, yaani meza iende sambamba na bledi. Chukua maka, weka alama kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo mpaka kitu ulichokibana kwenye meza ya slaidi ukiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono jino lile lije nyuma, sogeza meza, pima tena. Jino lile lile, sio lingine, maana ukibadilisha jino unapima kuyumba kwa bledi. Nyuma inatakiwa iwe imefunguka kidogo sana, milimita 0.05 hadi 0.1. Karatasi moja ya fotokopi ni kama 0.1, mi naitumia hiyo, sina kifaa cha bei mbaya. Fensi ya kulia nayo hivyo hivyo, nyuma ifunguke hicho hicho kidogo, isifunge hata siku moja, ikifunga inaibana bodi dhidi ya meno ya nyuma na tunarudi kwenye mbavu zangu.

Fensi ya kukatia, ile iliyo juu ya meza inayoteleza, usiamini kwamba iko pembe mraba kwa kuipima na skwea ya dukani. Kata mara tano: chukua MDF kama milimita 800 kwa 800, kata upande mmoja, geuza ule uliokatwa uegemee fensi, kata, geuza, kata, mpaka umerudi ulipoanzia, mara ya tano toa ukanda wa sentimita 2 na kitu. Pima ukanda huo kwa vernia, kile kipimo cha kusoma sehemu ndogo za milimita, huku na huku. Mwisho mmoja 24.3 mwingine 23.9, tofauti ni 0.4, gawa kwa nne, kosa lako ni 0.1 kwenye kila 800. Kwa kabati za jikoni hiyo naikubali, nikipata 0.3 nachukua spana.

Fensi ya kulia ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui kabisa, lile bamba lake linasogea mbele na nyuma. Ukipasua mbao za asili livute mwisho wake ufike katikati ya bledi usipite, mbao ikitaka kufunguka ipate pa kwenda. Ukikata vipande vifupi kwa kupima kwenye fensi livute zaidi, liishie kabla ya bledi, kipande kikikatika kibaki huru hapo. Kikibanwa kati ya fensi na bledi kitaruka, sio labda.

Kusimama: kushoto, mwili pembeni ya mstari wa bledi, hasa kwa wewe mwenye haraka unayetaka kuchungulia mkato unakwendaje. Kifuniko cha juu kishuke karibu na bodi. Mbao ya asili itie kwenye kiatu, kile kidude cha mbele ya meza kinachouma mwisho wa mbao. Ukitumia fensi ya kulia, zile sentimita 30 za mwisho sukuma kwa kijiti sio kwa vidole. Na vipande vidogo Wajerumani wana ujanja wao wanauita Fritz und Franz, ni vipande viwili tu vya mbao, kimoja kimetiwa kwenye kiatu mbele, kingine kina mpini na msasa usoni, kile kidogo unakibana katikati na unasukuma vyote pamoja na meza, mikono iko mbali huko. Nilitengeneza kwa mabaki, nusu saa, na kwenye karakana ndo kitu kinachoazimwa kuliko vyote.

Glovu hapana, najua mtu atabisha, bodi inakata vidole kweli, vaa wakati wa kubeba vua wakati wa kukata, jino likishika uzi wa glovu linachukua na mkono. Kandambili hapana. Masikio ziba. Vumbi la mbao IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, wameliweka kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani toka 1995, kwa hiyo kile kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi, tafuta barakoa ya vumbi na bomba la kunyonya liwe juu na chini.

Nirudi kwa dogo. Kumbe mashine yake ilishuka kwenye kontena bila kisu, mitumba mingi inakuja hivyo, mtu kabaki nacho huko huko. Nimemwambia aanze kwa kukitafuta cha mashine yake kwa jina na namba, kikikosekana kabisa aende kwa fundi wa leith, mashine ya kuchongea chuma, anayeaminika, na si bati la geti, ni chuma kigumu kinachorudi ukikipinda, na aende na bledi yake mkononi na vernia mfukoni apime mwili na meno mbele ya yule fundi. Jana usiku kanitumia picha nyingine, ya vernia tu, inasoma 2.6. Nikamuuliza hiyo ni ya mwili au ya meno?